Sahani Niliyoirudisha Tupu

Utende, Mafia
Jumapili, baada ya Misa

Mdogo wangu Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hapo ulipo, pengine jikoni na mikono ina unga. Hamjambo nyumbani? Kifua cha shemeji kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Kahawa imechanua? Mvua mmepata? Mimi dada yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na isipokuwa hasira, ambayo ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu.

Utashangaa kupokea barua ya karatasi zama hizi. Nimempa mwalimu mmoja wa shuleni kwetu anayekuja likizo Songea, ataifikisha. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza kueleza, unasema pole. Nikiendelea, unasema pole dada. Nikipandisha sauti, unaniambia nichunge presha. Watu wote siku hizi wananipa pole, barabarani, dukani, kanisani, kama vile nimefiwa na goti. Basi leo kaa chini, usome mpaka mwisho, halafu ndipo unipigie.

Mara ya mwisho uliniambia, "Dada, umri umekwenda. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Rudi nyumbani." Skola, ilinikera methali hiyo siku nzima. Kwanza, guu halijavunjika. Pili, hilo zizi lenyewe liko mlimani! Umesahau njia ya kwetu? Huko Mbinga hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani ni kupanda na kushuka, ukirudi umesahau ulichofuata. Hapa kisiwani ardhi ni tambarare, kutoka kwangu mpaka sokoni sipandi hata kichuguu. Ukinirudisha huko utakuwa umeniweka kwenye kiti mlangoni, nikitazama migomba mpaka Mungu aniite. Siji. Hilo tumelimaliza.

Sasa nikueleze yenyewe, maana wewe ulisikia kipande tu.

Unakumbuka nilipopangiwa kuja kufundisha huku nilivyokuwa naogopa maji. Mtoto wa milimani, bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda. Aliyenitoa woga ni jirani yangu Bi Mwanaidi, ambaye nimekusimulia habari zake hadi umechoka. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake wa hapa mtaani wanaokwenda kuchokoa pweza. Wanakwenda siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, ambapo maji hutoka mbali kabisa na mwamba unabaki wazi. Wanatembea kwa miguu mpaka huko nje, kila mmoja na kijiti chake chenye ncha ya chuma, wanatafuta mashimo. Jumamosi moja alinipitia mlangoni akaniambia, "Mwalimu, twende ukaoshe macho." Nilikwenda kuosha macho, nikarudi na pweza mmoja na mikwaruzo kumi na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nifike.

Tangu siku hiyo sikuacha. Nimezeekea huko. Wengine walikwenda kwa ajili ya kuuza, wengine kwa ajili ya kitoweo, mimi nilikwenda kwa sababu naupenda mwamba wenyewe. Ukiwa juu ya mwamba hakuna anayekuuliza habari ya mtihani wa mwanawe. Unainama, unasoma. Pweza ana tabia ya kutupa makombe aliyokula nje ya mlango wake, kwa hiyo ukiona takataka safi mbele ya shimo, ujue mwenyewe yumo. Anabadilika rangi mbele ya macho yako, anakuwa jiwe, unamtazama na yeye anakutazama. Hata marehemu mume wangu alipofariki, arobaini ilipopita tu nilikwenda, na huko ndiko nilikolia vizuri. Nilipostaafu watu waliniuliza nitafanya nini. Nikawajibu, nitachokoa pweza bila kungoja Jumamosi.

Nakueleza haya ili ujue walichoninyang'anya.

Goti lilianza kidogokidogo. Kwanza lilikataa kupiga magoti kanisani, nikasingizia sakafu. Halafu likawa linavimba kila nikitoka pwani. Bi Mwanaidi akanilazimisha twende hospitali, akanisindikiza. Daktari ni kijana mzuri, mwenye adabu, na sitaki kumsema vibaya, lakini nitamsema. Alilibonyeza goti, akatazama picha, kisha akamgeukia Bi Mwanaidi. Mimi nimekaa hapo, nimevaa miwani, nina meno yangu yote, yeye anamuuliza Bi Mwanaidi, "Bibi anatumia choo cha kuchuchumaa?" Bi Mwanaidi naye akajibu! "Anatumia, daktari." "Ana kazi nzito?" "Anakwenda pwani." "Aache." Wakamaliza kikao, wakaniamulia maisha yangu kana kwamba mimi ni mbuzi aliyeletwa kwa bwana mifugo. Nikamwambia, "Mwanangu, mwenye goti ni mimi." Akacheka, akaniandikia dawa ya kupaka.

Nilipaka. Nikaendelea kwenda.

Ndipo ikaja siku ile uliyoisikia. Tulikuwa wanawake sita. Tulikwenda mbali, mpaka ukingo wa nje, kwa sababu karibu palikuwa pamekwisha kupitiwa. Nilimwona pweza mkubwa, sikwambii uongo. Nikapiga hatua, mguu wa kushoto ukateleza ukazama kwenye ufa wa mwamba mpaka juu ya goti, na goti likajipinda humo ndani. Nilivuta haukutoka. Wenzangu wakaja, wakavuta, wakazungusha, wakamwagia maji, mmoja akavua kanga akaizungushia paja langu ili wapate pa kushika. Maji yalikuwa yameshageuka. Unajua yanavyorudi bamvua? Hayana haraka kwa macho, lakini ukitazama pembeni unakuta jiwe uliloliona sasa hivi halipo. Yalinifika kiunoni mguu ndio ukatoka, na ngozi ikabaki humo.

Sasa sikia nilivyorudishwa. Kutembea siwezi. Pembeni walikuwapo wakulima wa mwani na mtumbwi wao, umejaa magunia ya mwani mbichi. Wakaniweka juu ya magunia. Mimi, Mwalimu Otilia, niliyefundisha nusu ya kijiji hiki kusoma, nikasukumwa mpaka ufukweni nimelala chali juu ya mwani, nanuka, huku ufukweni wamejaa wanafunzi wangu wa zamani na watoto wao. Mmoja akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikamwitikia marahaba nikiwa chali.

Haya, hayo nilisamehe. Ajali ni ajali. Nilikaa ndani, kidonda kikapona, uvimbe ukashuka. Nikahesabu mwezi wangu, bamvua ikafika. Asubuhi nikaamka mapema, nikafunga kanga kiunoni, nikavaa zile raba zangu za mwambani, nikakaa kwenye ukumbi kuwangoja. Hapa kwetu wanawake hupitiana. Hakuna anayekwenda pwani peke yake. Mkubwa anaanza kwake, anapiga hodi nyumba kwa nyumba, mpaka kundi linatimia. Nyumba yangu ni ya mwisho.

Skola, walinipita. Niliwasikia wakija, wanaongea. Walipokaribia mlango wangu maneno yakakatika, wakapita kwa kunyata, kama mtu anayepita penye mgonjwa. Walipofika kwenye mnazi wa mbele wakaanza kuongea tena. Nilikaa pale na kijiti mkononi, nikajiambia pengine wamesahau. Watu hawasahau na huku wananyata.

Mchana, Saida, mkwe wa Bi Mwanaidi, akaja na sahani imefunikwa kwa kawa. Ndani yake pweza wa nazi, mkono mnene, mzuri. "Mama kasema kitoweo chako hichi, Mwalimu." Nikala? Nilikula, si nilikuwa na njaa. Lakini nilijua maana yake. Hapa mtaani pweza wa namna hiyo hupelekewa mzazi aliyejifungua, na kizee asiyeona, na mgonjwa wa kitandani. Sasa na mimi nimeingizwa kundi hilo, bila kuulizwa. Nikaosha sahani, nikaweka malimau humo, nikairudisha, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata wewe uliyefika huku mara moja unajua hivyo, ulikwenda kurudisha bakuli ukafukuziwa mbio uje uchukue ndimu za kutia.

Kanisani nako wakaamka. Jumapili iliyofuata nikakuta kiti cha plastiki mbele kabisa, pembeni ya wanakwaya, chenye kimto. Mhudumu ananiongoza mbele za watu wote, "Mama, kiti chako hiki." Mimi miaka yote nakaa benchi la nne. Nilikaa benchi la nne. Kile kiti kilibaki kitupu Misa nzima, na kila mtu akawa anakitazama.

Bamvua ya pili ikaja. Wakanipita tena, kwa kunyata kulekule. Mchana sahani ikaja tena.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya, na sijutii. Nilikula kile chakula. Nikaiosha sahani, nikaikausha kwa kitambaa safi. Sikumpa mtoto aipeleke, niliipeleka mwenyewe, nikichechemea mpaka barazani kwa Bi Mwanaidi. Nikamkabidhi Saida. Saida akaipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani, akaigeuza akatazama chini yake, kisha akaniangalia usoni. Ilikuwa tupu. Nikamwambia, "Mwambie mama, ahsante," nikaondoka.

Wewe uliye huko utasema, sahani tu. Hapa, kurudisha sahani tupu kwa makusudi, kwa mtu mliyepelekeana vyakula tangu ujana, ni kumwambia ujirani umekwisha. Nilijua. Nilitaka ajue kwamba najua.

Alasiri, watu wametoka kuswali, Bi Mwanaidi akaja. Hakupiga hodi ya kuimba kama kawaida yake. Aliingia, akasimama katikati ya ukumbi, sahani kaishika chini ya kanga. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mwalimu," akasema, "mie na weye tumezikana. Mumeo alipokufa nimelala chumba hichi siku saba. Mwanangu alipokufa weye ndo uliyenifunga kanga. Leo wanirejeshea sahani tupu, mbele ya mkwe wangu. Hebu nambie, nimekukosa nini?"

"Umenipita," nikamwambia.

"Nimekupita wapi?"

"Hapo mlangoni. Bamvua mbili. Mmepita mnanyata. Mlidhani goti likiugua na masikio yanaziba?"

"Tulidhani umelala."

"Bi Mwanaidi, usinidanganye. Kama ulitaka niache, ungeingia hapa ukaniambia, Mwalimu, acha. Siyo kupita kama mwizi, halafu mchana unaniletea mkono wa pweza kama mzazi!"

"Haya. Nambie weye. Tungekupigia hodi, tukakwambia twende, ungekataa?"

"Nisingekataa."

"Basi ndo maana hatukupiga."

Yeye akavuta kiti sasa, akakaa, sahani akaiweka mapajani. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Siku ile maji yalikufika wapi?"

"Kiunoni."

"Mie yalinifika kifuani, maana nilikuwa nimeinama nashika mguu wako chini ya maji. Na mie sijui kuogelea."

Nilimtazama. Miaka yote hiyo, mwanamke wa pwani, mimi nilidhani wote wanajua. Akasema hakuna hata mmoja kati ya wale anayejua. Wanakwenda na maji yakitoka na wanarudi yakigeuka, kuogelea hawakufunzwa.

"Sasa nambie," akasema, na hapo sauti ikampanda, akawa na hasira kuliko mimi, "wale watano, nani angeondoka kwanza akuache? Nambie jina lake! Mwajuma ana mtoto anyonya. Angeondoka? Mie ningeondoka? Hakuna. Maji yangetufika puani tungalipo tunavuta. Weye wadhani siku ile ulikuwa wafa peke yako. Tulikuwa twafa sote, Mwalimu. Na ukenda tena ukanasa tena, tutafanya vilevile. Sasa mie nifanyeje? Nikupigie hodi?"

Na nikwambie ukweli, nilikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa na haki. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu, ningetulia. Nilidhani goti ni langu, nikilivunja nimelivunja mwenyewe, nikizama nimezama mwenyewe, ni ukaidi wangu na gharama ni yangu. Kumbe goti langu lina wanawake watano nyuma yake. Nani aliwaomba wanipende hivyo? Mtu akizeeka anaonewa pande zote, mwili unamnyima, na wanaompenda wanamnyima.

Nililia mbele yake, usicheke. Yeye pia. Kisha nikamwambia, "Nipitieni."

"Mwalimu!"

"Nipitieni kama zamani. Pigeni hodi. Nitakataa mwenyewe. Lakini mniulize."

"Na usipokataa?"

"Nitakataa."

"Apa."

"Sisi tumekatazwa kuapa. Ndiyo yangu ni ndiyo."

Akaguna, akanyanyuka. Mlangoni akanigeukia akasema, "Na kitoweo?" Nikamwambia kitoweo alete, lakini alete kibichi, nitapika mwenyewe, mikono haiumwi. Hapo ndipo akacheka kidogo.

Sasa nakutolea salamu hapa kabisa, kabla sijamaliza, kwa sababu nikifika mwisho sitakuwa na nafasi. Msalimie shemeji, umwambie mdalasini na asali, siyo sigara. Msalimie mama mdogo, na kama bado anauliza nimeolewa na nani huku, mwambieni nimeolewa na goti. Kaka Ditram, mkubwa wetu, mpe shikamoo yangu, asiuze lile shamba la bondeni kabla hatujaongea. Wanao wote, na yule mjukuu wako aliyezaliwa juzi, mbusu utosini. Mwalimu Kolumba, aliyenifundisha darasa la kwanza, kama bado anatembea na baiskeli yake, mwambie asimsikilize mtu yeyote.

Nimalizie. Jana ilikuwa bamvua.

Niliamka mapema. Nilikuwa nimeshaahidi, kwa hiyo sikuwa na sababu yoyote ya kujiandaa. Lakini nilipojitazama nimekwisha kufunga kanga kiunoni na raba ziko miguuni, kamba nimezikaza. Sikumbuki nilivyozivaa. Nikawasikia wanakuja, wanaongea, safari hii maneno hayakukatika. Wakafika mlangoni. Bi Mwanaidi akapiga hodi, ileile ya kuimba. Nikafungua.

Walikuwa wote watano, na vijiti vyao. Nikaona macho yao yanashuka mpaka miguuni kwangu, yanaziona raba. Bi Mwanaidi akasema, "Mwalimu, twende pwani?" Akaniuliza, kama nilivyomwomba.

Skola, mdomoni nilikuwa na "nakuja." Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Jua lilikuwa zuri, upepo hakuna, na kwa mbali nilikuwa nauona mwamba umeanza kutokeza.

Nikasema, "Nendeni. Mimi siendi."

Wakasimama. Nilidhani wataondoka, hawakuondoka. Nikafunga mlango, wakabaki nje, nawasikia wanavuta pumzi. Mpaka nikapiga kelele kutoka ndani, kwa sauti ile ya darasani, "Mnangoja nini? Maji hayamngoji mtu!" Ndipo wakaondoka, na hawakunyata.

Nilikaa kwenye kiti na raba zangu miguuni asubuhi yote. Sikupika, sikufagia. Niliposikia wanarudi, wanacheka, nikazihesabu sauti zao moja moja. Zote tano zilikuwapo. Ndipo nikainama, nikafungua kamba.

Bado nina hasira. Usinipe pole.

Ni mimi dada yako,
Otilia